Wati 5, waya wa mita 10 na mvinje mmoja: likizo Ushongo na redio begani

MshipiMrefu

Wakuu, salaam.

Nimerudi juzi kutoka Ushongo, kule kusini ya Pangani, siku tisa na familia. Niliahidi kwenye ule uzi wa betri kwamba nikirudi nitaleta mrejesho, basi ndio huu. Ni mrefu. Asiye na muda asome kisa cha mzee wa ngalawa aende zake.

Kwa wageni wa jukwaa: naongelea redio ya ridhaa, ile ya watu wenye leseni wanaoongea na dunia kwa kujifunza na kujifurahisha, si biashara. Wenyewe tunaiita ham, na Mswahili hawezi kulikosea jina hilo maana ni hamu kwelikweli. Ndani yake kuna kabila linaloitwa QRP, wanaotumia nguvu ndogo kwa makusudi: wati 5 kwa Morse (ile lugha ya nukta na vistari), wati 10 kwa sauti, mwisho hapo. Balbu ya ndani ya friji inakula zaidi.

Kwangu Tabata nina redio ya wati 100 na siku hizi sisikii kitu. Taa za LED za majirani, chaja, inveta, king'amuzi cha nyumba ya pili, vyote vinanguruma hewani. Sindano ya mita ya nguvu ya mawimbi inalala kwenye S7 kabla hata mtu hajaongea. Ushongo umeme upo lakini nyumba ziko mbalimbali, na jioni ya kwanza nilipowasha pale ufukweni nilidhani redio imekufa. Nikatazama waya wa betri. Uko sawa. Nikazungusha kitufe pole pole, Morse ikaibuka kwenye kimya kile kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko chumba cha pili.

Mzigo wangu ulikuwa hivi: redio ya Yaesu FT-817 ya mtumba, betri ya LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah (ampia-saa) 6, waya mwembamba wa antena, transfoma niliyoizungusha mwenyewe, fimbo ya faiba ya kuchomoa ya mita sita, daftari na penseli. Vyote kwenye begi la shule la mwanangu. Mama watoto aliweka sharti moja: saa moja na nusu kwa siku, jioni, wakati watoto wanaoga. Nikasaini.

Fimbo ilidumu siku moja. Upepo ulikuwa unapuliza mchanga ule laini, ukaingia kwenye maungio, na nilipotaka kuikunja ikagoma. Nilizungusha, nikavuta, nikaomba. Haikukunjika. (Itarudi mwishoni mwa kisa hiki, msiwe na haraka.)

Basi kesho yake nikahamia kwenye mvinje ulio karibu na mstari wa maji. Mpango: kufunga chubwi kwenye mshipi, kulirusha juu ya tawi, kisha mshipi uvute waya. Nikarusha mara ya kwanza, likaangukia nyuma yangu. Mara ya pili likakwama kwenye kijitawi cha chini. Mara ya tano hivi nikasikia mtu amekaa kwenye ngalawa ananitazama, mzee mmoja anashona wavu.

"Mwanangu, unavua nini juu ya mti?"

Nikamwambia navua Wataliano.

Hakucheka. Akaweka wavu chini, akaja, akalipima chubwi kiganjani, akasema hili jepesi. Akaniletea la kwake. Akalizungusha mara mbili kwa mkono wa chini, akaachia, likapita juu ya tawi la juu kabisa, lile nisilolithubutu hata kulitazama, likashuka upande wa pili bila kugusa jani. Akarudi kwenye wavu wake. Dakika ishirini baadaye nikajibiwa na mtu wa karibu na Milano, zaidi ya kilomita 6,000, kwa wati 5. Nikamwita mzee asikie. Akaweka spika sikioni, akasikiliza ti-ti-taa muda mrefu, akauliza, "Na wao wanakuvua wewe?"

Siku zote zilizobaki nilikuwa naitwa mvua Wataliano, mpaka na watoto wa shule.

Nitaendelea kesho na mambo ya waya na maji. Maswali karibuni.

---

Mzee wa Nukta

Uzi safi. Lakini nina neno. Kimya cha Ushongo kinakusaidia wewe kusikia. Hakimsaidii Mtaliano kukusikia wewe hata chembe. Kutoka wati 100 kwenda 5 ni desibeli 13, na S moja ya ile mita ni desibeli 6, kwa hiyo kwake umeshuka S mbili na kidogo. Sasa kama alikusikia, sababu si kimya. Tuambie sababu.

---

MshipiMrefu

Mzee, nilijua utakuja na hiyo. Uko sahihi kuhusu kimya. Ila hapo hapo umejibu nusu ya swali: S mbili na kidogo si kitu kikubwa kama watu wanavyodhani. Ukimsikia mtu anakuja S8 kwako akiwa na wati 100, ujue wati 5 zako zinaweza kumfikia kwenye S5 au S6, na Morse inasomeka hata chini ya hapo mradi kwake pako kimya.

Nusu ya pili ni maji. Waya uliosimama wima unategemea sana ardhi ya mbele yake, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko udongo wowote utakaoupata bara. Mawimbi yale ya pembe ya chini, yanayokwenda mbali, kwenye udongo mkavu yanamezwa, kwenye bahari yanateleza. Tabata antena yangu inatazama bati la jirani.

Na sikuishia kwenye nadharia. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ile ile ya jioni ndani ya wiki inakuonyesha maji ya kila aina. Siku ya tatu saa 12 jioni yalikuwa yamekupwa, yako mbali kule, mbele yangu majani ya bahari na watoto wanatafuta chaza. Nilipata mawasiliano 3. Siku ya nane bamvua, maji yalijaa saa 11 hivi yakafika hatua nne kutoka kwenye shina la mvinje. Nilipata 11, mmoja akiwa Japani.

---

Mzee wa Nukta

Siku ya nane ilikuwa siku gani ya wiki?

---

MshipiMrefu

Jumamosi.

---

Mzee wa Nukta

Basi. Jumamosi dunia nzima iko hewani. Bamvua wako ni wikiendi.

Sikatai kwamba bahari inasaidia, nimepiga toka Kilwa miaka mingi. Nakataa tu ushahidi wa siku mbili. Hata mchanga uliolowa chumvi ni ardhi nzuri, maji yakupwe yasikupwe.

---

kobe_bahari

Wakuu mie mgeni kwenye QRP, nina leseni mwaka wa pili. Naenda Unguja mwezi ujao kwa ndege. (1) Huo waya una urefu gani na hiyo transfoma inazungushwaje? (2) Betri itapita uwanjani?

---

MshipiMrefu

Kobe, karibu.

Waya: chukua 143 gawanya kwa megahezi za masafa yako, unapata mita za nusu wimbi. Kwa 14.060 ni mita 10.17. Kata mita 10 na nusu, kisha punguza kidogo kidogo ukitazama SWR (kipimo cha jinsi waya unavyopatana na redio), maana waya ukishakatwa haurefuki. Kwa bendi ya mita 40, yaani 7.030, ni mita 20.34, ila huko Unguja utatafuta mti mrefu sana au uulaze kama kamba ya nguo.

Transfoma ni ya 49 kwa 1. Duara la FT140-43, mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa waya. Kumi na nne kwa mbili ni saba, saba mara saba arobaini na tisa, basi. Kwa wati 5 haipati hata joto. Nimeiweka kwenye kikopo cha dawa ya vidonge.

Betri: zidisha volti kwa Ah. Yangu 12.8 × 6 ni saa-wati 76.8. Mpaka 100 kwa kawaida inaruhusiwa, lakini ibebe mkononi, usiiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, na funga tepu kwenye vichwa vyake. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika kwanza. Kumbuka ndege ndogo za visiwani zina mizani yao ya kilo, hapo ndipo utakapoumia.

Na ukiwa Unguja taja AF-032. Hiyo ndiyo namba ya Unguja na Pemba kwenye mchezo wa visiwa, IOTA, ulioanzia Uingereza mwaka 1964. Kuna watu wanaokusanya visiwa kama wengine wanavyokusanya stempu, ukiitaja tu wanakupangia foleni. Wazee watakwambia Zanzibar ilihesabika kama nchi yake kwenye DXCC, orodha ya nchi za redio ya ridhaa, mpaka 1974. Sasa inahesabika Tanzania, lakini kisiwa ni kisiwa.

---

kobe_bahari

Shukrani sana. Betri hiyo ilikutosha siku tisa?

---

MshipiMrefu

Hapana. FT-817 ina kiu. Ikisikiliza inakunywa kama ampia 0.4, ikituma kama 2. Ukituma sehemu moja kwa tano ya muda, wastani ni 0.72, kwa hiyo Ah 6 zinakupa saa nane hivi. Kwa saa moja na nusu kila jioni ni siku tano. Nilichaji mara moja nyumbani kwa wenyeji wetu. Ukiwa na hela nunua redio isiyo na kiu, kama KX2. Mimi sina hela, nina subira.

Kidhibiti cha sola usikiwashe ukiwa unasikiliza. Utakuwa umebeba kelele za Tabata na kuzipeleka ufukweni.

---

Kijana_wa_UV

Nina kile kiredio cha mkononi cha Baofeng, wati 5 na zenyewe. Nikienda nacho Ushongo nitaongea na Italia?

---

Mzee wa Nukta

Wati 5 ndiyo, masafa siyo. Cha kwako ni VHF na UHF, mawimbi yake yanakwenda yanapoona. Utaongea na ngalawa. Halafu leseni unayo?

---

Kijana_wa_UV

Bado mzee.

---

DadaAntena

Mzee usimvunje moyo kijana. Kiredio hicho hicho kinafika kituo cha anga cha kimataifa. ISS ina kirushio: unapandisha sauti kwa megahezi 145.990 na toni ya 67 Hz, unasikiliza 437.800, kikipita juu yako una dakika kama kumi. Kusikiliza anza leo. Kubonyeza subiri leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukishaipata tu, chukua kiredio nenda nacho likizo.

MshipiMrefu, fimbo yako: usizungushe kamwe, mchanga unazidi kusaga. Osha kwa maji baridi ya bomba, chukua kitambaa cha maji moto ukizungushie bomba la nje tu, lile linatanuka kidogo. Kisha simamisha fimbo, ncha juu, ugonge kitako kwenye ubao mkavu. Yangu ilikwama Irente, Lushoto, kwa vumbi tu. Pale juu ya lile jabali linalotazama nyika kule chini ardhi inashuka mbele yako kama ukuta, na kwa pembe ya chini ni karibu nzuri kama bahari yako, isipokuwa baridi inakufanya utume Morse ya kutetemeka. Mtu wa Ujerumani aliniuliza kama mimi ni mwanafunzi.

---

MshipiMrefu

Dada, ungeniandikia hayo wiki mbili zilizopita! Niliondoka nayo ikiwa mita sita. Haikuingia kwenye gari, tukaifunga juu na vitenge viwili, ncha imetangulia mbele kama pembe ya choroa. Kwenye kivuko cha Bweni kwenda Pangani kila mtu alikuwa na maoni. Mmoja akasema ni nguzo ya king'amuzi, mwingine akasema hapana, huyu ni yule mvua Wataliano. Jina lilishavuka mto kabla yangu.

---

Wa_Likoni

Salaam toka Mombasa. Mie swali langu ni la watu, si la waya. Ukikaa pwani na waya juu ya mti na kisanduku kinacholia ti-ti-taa, hukushukiwa? Mie Msambweni niliulizwa natuma nini na namtumia nani.

---

MshipiMrefu

Yamenikuta. Jioni ya tatu mlinzi wa hoteli moja jirani, sitaitaja, alikuja na tochi ingawa jua halijazama. Akaniambia vifaa vya kijasusi haviruhusiwi. Nikamwomba akae. Nikampa nakala ya leseni, akaisoma ukurasa mzima, hata anuani. Kisha akauliza kama ninaweza kumpigia shemeji yake Oman.

Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku ya kwanza, kabla ya kufunga hata uzi. Nilikwenda siku ya nne, nikamweleza, akanipa kijana wa kuniangalizia waya watu wa baiskeli wasikwame shingo. Toka hapo nilikuwa mgeni wake, si mtu wa waya.

Nakala ya leseni, mbili, kwenye mfuko wa nailoni. Na funga kitambaa cheupe kwenye waya sehemu watu wanapopita.

---

Wa_Likoni

Na mie nikivuka Lungalunga kuja huko na 5Z4 yangu, alama ya wito ya Kenya?

---

Mzee wa Nukta

Leseni ya Kenya haikufuati ng'ambo ya Horohoro. Omba kibali cha huku mapema, usije ukafika likizo ndipo uanze kuandika barua. Hata Wazungu wanaokuja na karatasi zao za CEPT, ule mpango wa Ulaya wa leseni, wanadhani zinafanya kazi kila mahali. Sisi hatumo kwenye mpango ule.

---

Mrima_Muscat

Assalaam alaykum. MshipiMrefu, nina ugomvi na wewe. Uliandika kwenye ule uzi wa betri kwamba Jumatano utakuwa 14.060 "saa 12". Nilikaa nje na joto hili la Muscat toka 1200 UTC (saa ya dunia) mpaka 1300, nimevaa spika, nimeacha chai. Hapana kitu. Ulikuwa wapi?

---

MshipiMrefu

Uwii. Ami nisamehe. Nilikuwa naota jua. Saa 12 yangu ni ya Kiswahili, ya magharibi, yaani 1500 UTC.

---

Mrima_Muscat

Mswahili anamwandikia Mswahili saa 12, na mie kwa ujuzi wangu nikaisoma kizungu. Makosa nusu kwa nusu.

---

DadaAntena

Kanuni ya bibi: UTC toa tatu, unapata saa ya Kiswahili ya huku. 1500 toa tatu ni 12. 0600 toa tatu ni saa 3 asubuhi. 1700 inakuja 14, toa kumi na mbili, saa 2 usiku. Nimeibandika kwenye redio. Ami, kwa Oman toa mbili.

---

kobe_bahari

Nimeiandika ukutani. Swali la mwisho kabla sijasafiri: nitajuaje bendi iko wazi kabla ya kuita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) hewani mpaka koo likauke?

---

Mzee wa Nukta

Morse haikaushi koo. Ila swali zuri. Nenda 14.100. Kuna mtandao wa ishara wa NCDXF na IARU, mashirika ya redio ya ridhaa, stesheni 18 duniani, kila moja inatuma sekunde 10 kwa zamu, mzunguko wote dakika 3. Kenya wamo, 5Z4B, ila hiyo ni jirani mno kwa bendi hii, huenda ikakuruka. Tafuta 4S7B ya Sri Lanka, 4X6TU ya Israeli, OH2B ya Finlandi. Kila moja inatuma jina lake kwa wati 100 kisha vistari vinne: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Hesabu vistari unavyovisikia. Ukisikia vitatu, huna sababu ya kulalamika kwamba redio yako ni ndogo.

---

MshipiMrefu

Naunga mkono. Jioni ile ya bamvua nilisikia vitatu vya Sri Lanka, na wa nne niliudhania.

---

Mzee wa Nukta

Wa nne kila mtu huudhania.

---

MshipiMrefu

Ami wa Muscat, nikulipe deni. Ijumaa hii 1500 UTC, 14.060, nitavuka kwenda Kigamboni, nina mnazi wangu pale ufukweni mbali na nyumba. Wati 5. Ni chini ya kilomita 4,000 kwako, mruko mmoja tu.

---

Mrima_Muscat

Inshallah. Safari hii nakuja na chai.

---

Mrima_Muscat

Imeingia! 1507 UTC, 14.061, maana 060 kulikuwa na mtu kakaa. Nilikupa alama 449 (kusomeka, nguvu na mlio), unazama na kuibuka, mwisho ulizama moja kwa moja. Jina la mji sikulipata, nimeandika "KIGA". Binti yangu ndiye aliyekuwa anashika daftari.

---

MshipiMrefu

Nami nilikupata 559, safi. Niliondoka ghafla kwa sababu makuti yaliukamata mshipi na upepo ukauvuta waya wote chini. Waya nimeurudisha. Chubwi la yule mzee wa Ushongo limebaki juu ya mnazi, na mpanda minazi wa pale anasema anakuja Jumatatu.